Sura ya Mwisho Haitolewi Kopi

"Hii kitabu yako iko na mwisho?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza kwa kila mteja aliyeingia na kitabu mkononi, kabla hata ya salamu. Mgeni alidhani anataniwa. Alikigeuza kitabu, akakitazama mgongoni, akajibu kwamba bila shaka kina mwisho, kwani kuna kitabu kisicho na mwisho? Hapo Mama Kopi alinyoosha kidole kwenye kadibodi iliyoning'inia juu ya mashine, iliyoandikwa kwa kalamu nene nyekundu: SURA YA MWISHO HAITOLEWI KOPI. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: Ukitaka mwisho, benchi ni ile pale.

Kitengela nzima ilimwita Mama Kopi, nami sitamwita vingine. Jina lake la ubatizo nililiona mara moja tu, kwenye leseni ya biashara aliyoibandika ukutani, na niliona aibu kana kwamba nimechungulia mahali nisipopaswa. Yeye naye hakuwa mtu wa majina. Alikuita kwa kazi yako au kwa kile ulichoingia nacho siku ya kwanza, na ukishaitwa umeitwa. Baba yangu alikuwa ametoka Kakamega kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Athi River, na siku aliyonituma kutoa kopi ya kitambulisho chake nilikuwa nimevaa fulana yake ya kazini, yenye vumbi la kijivu lisilotoka kwa sabuni yoyote. Mama Kopi alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Karibu, Mtoto wa Simiti." Nilikuwa kidato cha kwanza. Nimezaa, nimenenepa, na kwake nilibaki Mtoto wa Simiti.

Duka lake lilikuwa kando ya barabara ya Namanga, katikati ya bucha na duka la dawa za mifugo, kwa hiyo karatasi zake zilinuka nyama upande mmoja na dawa ya kupe upande wa pili. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, nyuma ya ploti zetu kukiwa bado na nyika tupu na punda milia wanaokula bila haraka. Duka la vitabu halikuwepo. Aliyetaka kitabu cha hadithi alipanda hadi Nairobi, au alikwenda kwa Mama Kopi.

Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye sweta ya kijani hata jua likiwaka, na miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Mashine yake ilikuwa kuukuu, na ilipokwama aliipiga kofi ubavuni na kuisemesha Kikamba. Nilimwuliza siku moja kwa nini asiisemeshe kwa Kiswahili, kwa vile sote tulikuwa tunasikia. Akanijibu, "Mambo ya nyumbani huongelewa kwa lugha ya nyumbani."

Sasa nieleze huo utaratibu wake, maana watu wengi waliusikia nusu nusu. Mtu alipoleta kitabu cha hadithi, Mama Kopi hakukitoa kopi siku hiyo. Aliandika jina la kitabu kwenye daftari, na Jumamosi alipokwenda Nairobi kununua wino alikinunua yeye mwenyewe, kipya, cha halali, akakiweka kwenye rafu iliyokuwa juu ya benchi. Baada ya hapo ndipo alipokubali kukupa kopi, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi mahali ambapo sura ya mwisho inaanza. Hapo mashine ilizimwa. Ukitaka kujua kilichotokea, ulikuja kwenye benchi, ukateremshiwa kitabu chenyewe, ukasoma mwisho hapo hapo mbele yake bila kulipa chochote. Kitabu cha benchi hakikutoka nje ya mlango. Hakikuazimwa na mchungaji, hakikuazimwa na mkuu wa polisi.

"Lakini Mama," nilimwambia nikiwa na ubishi wa kidato cha pili, "kama kutoa kopi ni wizi, si ni wizi hata nusu?"

"Ni wizi."

"Sasa?"

"Sasa mimi niko na watoto wanataka fees, na wewe unataka kusoma na huna pesa ya kitabu. Wote tuko na shida. Lakini mwenye aliandika, ile sehemu alilalia macho ni mwisho. Hiyo tumwachie. Ukiipenda sana siku moja utanunua yake, ndio uimalize ukiwa kwa kitanda yako."

Baba yangu alipousikia utaratibu huo alicheka mpaka akakohoa. Alisema hajawahi kuona mwizi wa mbuzi anayemrudishia mwenyewe mkia. Lakini Jumapili baada ya kanisa nilimkuta baba huyo huyo kwenye benchi la Mama Kopi, kofia magotini, akimalizia hadithi ya mpelelezi, na aliponiona alifunika jalada kwa mkono.

Sheria yake ilikuwa na matundu, na hayo matundu ndiyo yaliyonifanya nimpende. Kitabu cha magonjwa ya ng'ombe alikitoa kopi chote, jalada hadi jalada, tena kwa bei ya hasara. "Ng'ombe ikianguka haingoji mtu akuje kwa benchi," alisema. Vitabu vya uzazi, vya dawa, karatasi za mitihani ya zamani, vyote alivitoa vizima. Vitabu hivyo, kwa hesabu yake, havikuwa na mwisho. Biblia nayo aliikatalia kabisa, hata ukurasa mmoja, na hakuwahi kutoa sababu. Halafu kulikuwa na kanda. Huyu mwanamke aliyelinda sura za mwisho kwa macho makali alikuwa na redio ya kaseti mbili nyuma ya duka, na humo alirekodi kwaya za nchi nzima, kanda baada ya kanda, akiwagawia akina mama wa kanisa lake. Nilimwuliza kama waimbaji nao hawakulalia macho. Aligeuza kanda upande wa pili, akasema nyimbo ni za Mungu. Na kompyuta yake ya kwanza ilipokuja, miaka ya elfu mbili, kila programu iliyokuwa ndani ilikuwa imewekwa na fundi kutoka kwenye sidii moja iliyochakaa. Nilipomweleza kwamba hizo nazo zina wenyewe, alistaajabu kwa moyo wote. "Hii? Si hii ilikuja na mashine!"

Nilidhani hayo yote aliyapata kanisani, au kwa mzazi mkali. Siku moja stima ilipopotea mchana na mashine ikafa katikati ya kazi, alikaa nami mlangoni penye mwanga akanipa kisa chenyewe.

Ulikuwa mwaka wake wa kwanza dukani. Mwalimu mkuu wa shule moja alikuwa amemletea kitabu chembamba, akitaka kopi za kutosha darasa zima. Kilikuwa hadithi ya huku kwetu: msichana wa Kimaasai aliyeachiwa ng'ombe wa baba yake mwaka wa ukame, akavuka nao nyika nzima akitafuta maji. Mama Kopi alikuwa ameshamaliza kazi, anapiga pini vile vitabu vya karatasi mezani, alipoingia mzee mmoja mrefu mwenye koti la mvua. Alikuwa na barua ya pensheni anayotaka kutolewa kopi.

"Supa," mzee alisalimu.

"Ipa," alimjibu, maana hilo la Kimaa alikuwa ameshajifunza.

Alipoiweka barua kwenye kioo cha mashine aliliona jina. Lilikuwa jina lile lile lililokuwa kwenye jalada la zile kopi zilizojaa meza. Aligeuka, akamkuta mzee ameshachukua nakala ile ya shule, kitabu chenyewe, anakifungua taratibu ukurasa wa mwisho.

"Alisema nini?" niliuliza.

"Aliomba biro."

Kumbe wapiga chapa walikuwa wameruka mstari mmoja kwenye ukurasa ule. Mzee aliinama juu ya kaunta, akauandika mstari huo pembeni kwa wino wa buluu, kwa mwandiko safi wa ubaoni, akauchorea mshale wa kuonyesha mahali pake. Kisha akasema, "Ukitoa zingine, utoe na hii." Akachukua barua yake, akalipa, akashukuru kwa Kimaa, "Ashe," akaenda zake. Hakugomba hata kidogo. Baadaye Mama Kopi alipata habari kwamba ni mwalimu mstaafu wa Kajiado, na kwamba aliuza mitamba yake miwili ili kitabu kile kichapwe.

"Angenitukana ningelala," aliniambia.

Jioni ile alichomoa sura ya mwisho katika kila kopi ya darasa lile, moja moja, akafunga upya. Mwalimu mkuu alipokuja akaambiwa watoto waje kusoma mwisho dukani kwa zamu. Alifura, akachukua kazi zote za shule akazipeleka kwingine, na hazikurudi kamwe. Lakini kabla hajaondoka Mama Kopi alimbembeleza amuuzie kile kitabu chenye mstari wa buluu. Ndicho kilichokuwa kitabu cha kwanza kwenye rafu ya benchi.

Kitabu hicho cha Mwalimu, yule mzee wa Kajiado, ndicho kilichoombwa kuliko vyote, kwa sababu kilituhusu. Watu waliokuja Kitengela sokoni au kwa shughuli za mashamba waliondoka na nusu yao ya kitabu. Kulikuwa na mkulima wa vitunguu kutoka Kimana, askari wa lango anayekaa Kware kule Rongai, mama anayeuza chai na mahindi Kona Baridi upepo usipomfukuza, na wengine wengi. Wakazi wa karibu walimalizia kwenye benchi. Wa mbali waliahidi kurudi, naye akaandika kwenye daftari mahali wanapopatikana. Wachache walirudi.

Mimi nilimalizia kwenye benchi lile nikiwa na miaka kumi na minne, na nilipofika kwenye mstari wa buluu nililia mbele ya wateja. Mama Kopi alinipa kikombe cha chai, nami nikikipokea bila kuangalia nikamwaga kidogo pembeni mwa ukurasa. Alikipangusa kitabu kwa sweta yake, akanitazama, wala hakunigombeza. Nadhani tangu siku hiyo aliniweka mahali ambapo hakuweka mtu mwingine. Ndiyo maana nililofanya baadaye bado linaniuma.

Miaka ilikwenda, nikasoma, nikapata kazi ya ofisi Nairobi. Zikaja saiba, vile vibanda vya intaneti, zikaja flashi za kubebea mafaili, watu wakaanza kupeana vitabu visivyo na karatasi. Kazini tulikuwa tunavituma kwa barua pepe tukicheka, hadithi nzima inafika kabla chai haijapoa, na mimi sikuwa nyuma. Nilimhadithia Mama Kopi maajabu hayo nikitegemea afurahi, kwa sababu hapakuwa tena na cha kuning'iniza ukutani wala wino wa kununua. Nilimweleza kwamba ukimpa mtu kitabu cha karatasi unabaki mikono mitupu, lakini hiki unampa na unabaki nacho.

"Kitu unagawa na haipungui," alisema, "hiyo si kugawa."

Wakati huo kitabu cha Mwalimu hakikupatikana tena popote. Wapiga chapa walikuwa wamefunga, na nakala zilizobaki ziliishia kwa panya. Nilijiambia kwamba kitabu kinakufa, na kwamba mimi niko na skana ofisini. Nikaenda kwa Mama Kopi Ijumaa, nikamwomba kitabu cha benchi, nikasema nataka tu kukisoma tena wikendi. Kitabu ambacho hakijawahi kutoka mlangoni. Alikitoa kwenye rafu, akakifunga kwa gazeti, akanipa mkononi. "Jumatatu," alisema, basi.

Jumatatu kilirudi, safi. Na kwenye kompyuta yangu kilikuwa kimebaki kitabu kizima, hadi ukurasa wa mwisho. Niliwatumia marafiki watatu. Niliwaandikia wasisambaze, nao nadhani waliwaandikia wenzao vivyo hivyo.

Haikupita miezi mingi. Jumamosi moja nilikuwa dukani kwake nakunywa chai, akaingia kijana wa chuo na vipokea sauti shingoni.

"Mathe, niprintie hii kitu yote. Iko kwa flash."

Mama Kopi alichomeka flashi, akafungua. Nililiona jalada kwenye kioo cha kompyuta kabla yake. Yeye alishuka na kurasa polepole, kama alivyozoea, akitafuta mahali sura ya mwisho inapoanza, akapita, akaendelea hadi chini kabisa. Hapo palikuwa na mstari wa Mwalimu, na mshale wake. Pembeni palikuwa na doa la chai yangu. Alisogeza uso karibu sana na kioo, akakaa hivyo.

"Nitakutolea yote," alimwambia kijana, "lakini sura ya mwisho haitoki."

"Na kwa nini? Si iko hapo? Naeza soma tu kwa saiba."

"Soma huko. Hapa haitoki."

Kijana alicheka, akakubali nusu yake, akaenda. Nilingoja Mama Kopi aniangalie. Hakuniangalia. Alipanga karatasi, akafuta kioo cha mashine ambacho hakikuwa na vumbi, akaniuliza kama baba anaendelea vizuri na kifua. Nikajibu anaendelea vizuri. Nikamaliza chai ile kwa shida, nikaaga, na kwa zaidi ya miaka miwili sikukanyaga tena duka lile. Nilikuwa nikishuka kituo cha mbele zaidi, natembea kurudi nyuma, ili nisipite mlangoni kwake. Mtu mzima, na mkoba wa ofisi.

Hakuna aliyenilazimisha kurudi. Ni mama yangu aliyetaja tu, akichambua mboga, kwamba Mama Kopi macho yanamwisha na duka amelikata, nusu amekodisha kwa msichana wa simu. Siku hiyo sikula. Kesho yake nilikwenda.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la wasomaji, mikono magotini. Sikuwahi kumwona akilikalia. Mashine ilikuwa pale, kadibodi pale, wekundu wake umefifia. Nilisimama mlangoni.

"Ingia, Mtoto wa Simiti," alisema. "Hiyo kutembea yako naijua."

Niliingia. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu, juu ya kitabu kinachokufa na nia njema. Yote yaliniruka. Nikasema, "Mama, ni mimi niliyetoa kile kitabu."

"Najua ni wewe. Si chai yako ilikuwa hapo?"

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Ningekuambia nini? Wewe ndiye ulikuwa wa kuniambia."

Nikalia, sitaficha. Yeye akaniacha nimalize. Halafu akanisimulia jambo ambalo sikulijua. Wiki ile ile ya kijana na flashi, alivaa sweta safi akaenda Kajiado kumtafuta Mwalimu. Alimkuta nyumbani kwake, mzee sana, akamwambia: kitabu chako kimetoka chote, kimeenda kwa kompyuta za watu, na ni mimi.

"Ulimwambia ni wewe?"

"Kitabu ilikuwa yangu. Mlango ilikuwa yangu."

Mwalimu alimwuliza swali moja tu. Aliuliza, "Wametoa na mwisho?" Naye akajibu, kwa kichwa chini, kwamba ndiyo, na mwisho, na mstari wako. Mzee akaanza kucheka. Alicheka hadi mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini. "Basi sasa kuna watu watafika mwisho," alisema.

Hapo ndipo Mama Kopi alipojua. Kwa miaka yote ile, watu wa mbali wenye nusu zao, wasioweza kuja kwenye benchi, walikuwa wamejitungia miisho. Mwalimu alikuwa akikutana nao kwenye minada ya ng'ombe na kwenye mazishi, wakimpa mkono na kumpongeza kwa mambo ambayo hakuyaandika kamwe. Kuna aliyemwozesha yule msichana kwa chifu. Kuna aliyemwua kwa simba. Mzee alikuwa akiitikia tu, ashe, ashe. Hakutaka kumwambia Mama Kopi kwa sababu alisikia kwamba mama huyo alipoteza kazi za shule kwa ajili yake, na heshima hiyo hakujua airudishe vipi.

"Mimi nilidhani namlinda," aliniambia. "Kumbe nilikuwa nimemkata ulimi." Aligeuza uso wake kuelekea mlangoni penye mwanga. "Lakini mke wake alisema kitu ingine. Alisema, kama hiyo yote ingenunuliwa tungekuwa na paa mpya. Mzee anataka wasomaji, mama anataka mabati. Nani ako na makosa hapo? Sijui. Nimefikiria mpaka nikachoka."

Nikamwambia nitakwenda Kajiado siku hiyo hiyo nimwambie Mwalimu ukweli, kwamba ni mimi.

"Hapana," alisema, kwa ukali niliokuwa nimeusahau. "Uende umwambie, mimi niwe mwongo mbele ya mzee? Hiyo nilishabeba. Kaa nayo." Akanyoosha mguu, akagusa kwa kidole kitu kilichokuwa chini ya mashine. "Kazi yako ni hiyo."

Lilikuwa boksi la karatasi za kopi. Nililivuta nikalifungua. Ndani mlijaa sura ya mwisho, kopi baada ya kopi, kila moja imepigwa pini pembeni, na mstari wa buluu umetoka mweusi kwenye kila moja. Juu ya kila fungu aliandika kwa kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa zinazopandana, za mtu anayeandika kwa kupapasa. WA VITUNGUU, KIMANA. ASKARI, KWARE. MAMA WA CHAI, KONA BARIDI. Daftari lake la zamani liliwekwa juu, na mahali kila mmoja anapopatikana.

"Mwalimu alisema wapelekewe," alisema. "Niliitoa macho ikiwa bado iko kidogo."

"Hiyo ni zamani, Mama. Kwa nini hukumpa mtu mwingine apeleke?"

"Nilikuwa nangoja mwenyewe akuje."

Niliomba likizo kazini. Sitawachosha kwa safari zote hizo. Wengine walikuwa wamehama, mmoja alikuwa amefariki na nikamwachia mwanawe. Mama wa Kona Baridi alitia fungu lake ndani ya leso bila kulisoma, akisema atalifungua wateja wakiisha, nikajua kwamba anaogopa. Mkulima wa Kimana alisoma palepale katikati ya mitaro ya maji, suruali imekunjwa, nami nimesimama kwenye tope. Yeye miaka yote aliamini kwamba yule msichana aliuza ng'ombe akafika Kimana akalima vitunguu. Alipomaliza alinirudishia macho mazito. "Ni nzuri," alisema. "Lakini yangu ilikuwa na faida." Mwisho wenyewe siusemi hapa, maana nimelelewa vizuri.

Fungu la mwisho nililipeleka kwa askari wa Kware. Alipiga saluti, akalipokea kwa mikono miwili. Nikageuka kwenda, boksi kwapani, na nilipolitikisa nikasikia bado kuna kitu. Nikachungulia. Lilikuwa limelala chini kabisa, limejibana na kadibodi, fungu moja ambalo sikuwa nimeliona. Juu yake paliandikwa MTOTO WA SIMITI.

Mimi, niliyeuiba mwisho huo, niliyekuwa nao mzima kwenye kompyuta, nilikuwa nimetolewa kopi yangu. Nilikaa kwenye ngazi za duka la mtu nikausoma wote hadi kwenye mstari wa Mwalimu. Nilikuwa naujua kwa moyo, na nikausoma neno kwa neno.

Siku iliyofuata nilirudisha boksi Kitengela. Mama Kopi alilipokea magotini, akatia mkono ndani, akapapasa pembe zote nne.

"Zimeisha?"

"Zimeisha, Mama."

"Hata ya chini?"

"Hata ya chini."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akaliweka boksi chini ya benchi, akajisogeza kunipa nafasi.

"Haya," alisema. "Teremsha hiyo kitabu kwa rafu, unisomee."